Mashine ya vifaranga inanuka: tafuta chanzo kabla hujagusa themostati

Kuanzia Septemba mpaka mvua zianze, Dodoma huwa kavu, upepo wa vumbi haupumziki, na simu yangu haikai kimya. "Mashine imekufa, mayai 200 nimepata vifaranga 60." "Fundi kaja kabadilisha sensa, hali ni ileile." "Nipandishe joto?" Mimi hutotolesha hapa Nkuhungu kwa mashine ya mayai 264, mayai yangu pamoja na ya majirani wanaonilipa kwa yai, na swali langu la kwanza halihusu joto. Nauliza: ukifungua mlango, pananukaje?

Mashine yenye afya hainuki. Ukiinamia trei unapata harufu hafifu ya uvuguvugu, ileile unayoisikia ukimwinua kuku aliyeatamia. Ikianza kutoa harufu ya yai viza, shombo, au uvundo wa nguo iliyokaa na maji, tatizo lako halipo kwenye themostati, na ukiichezea utaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Joto la nyuzi 37.5 na unyevu wa asilimia 50 hadi 55 tunaouweka kwa ajili ya kiinitete, yaani kifaranga anayekua ndani ya yai, ndio hasa unaowafaa bakteria na ukungu. Mashine haizai uchafu, huletewa. Unaingia ukiwa juu ya ganda la yai, ndani ya maji, kwenye vumbi linalovutwa na feni, au kwenye mabaki ya kundi lililopita. Kazi yako ni kujua umepitia mlango upi kati ya hiyo minne, na dalili ndizo zinazokuonyesha.

Harufu ya yai viza katikati ya siku 21

Mara nyingi harufu hii hujitokeza kuanzia wiki ya pili. Usisubiri siku ya kumulika, yaani kupitisha mwanga wa tochi kwenye yai kuona ndani. Toa trei moja moja, ipeleke mbali na mashine, mahali penye hewa, kisha nusa. Ukishaipata trei, nusa yai kwa yai. Yai bovu mara nyingi lina mabaka ya kijivu kwenye ganda, au matone madogo ya ute yaliyoganda kama gundi, na likimulikwa kwa tochi ya simu ni giza tupu bila mishipa. Lishike taratibu, usilitikise kabisa, litie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, ukalifukie. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika trei nyingine, maana mkono uliogusa yai hilo unaweza kuchafua mayai mengine 80 kwa dakika chache.

Chanzo ni ganda, karibu kila mara. Yai linapotoka kwa kuku lina joto la mwili wake, nyuzi 41 hivi. Linapopoa, vilivyomo ndani husinyaa kidogo, na kwa kuwa ganda lina maelfu ya vitundu, yai huvuta hewa ya nje. Likiwa limelala juu ya kinyesi kibichi, linavuta na bakteria waliomo. Kuku wetu wa kienyeji hutaga popote, pembeni ya jiko, chini ya kihenge, kwenye kapu la zamani, na yai hushinda hapo mpaka jioni mtoto anapotumwa kuliokota. Kwa hiyo usafi wa mashine huanzia kwenye kiota: weka viota vilivyoinuliwa, majani makavu yanayobadilishwa kila wiki, na okota mayai mara 3 kwa siku. Yai lenye ufa, hata ule mwembamba unaoonekana kwa tochi tu, lisiingie.

Kuna kosa jingine ambalo linaniuma kwa sababu hufanywa na watu waangalifu. Mama mmoja kutoka Bahi aliniletea kapu la mayai 40 yanayong'aa. Nikamwamkia, nikasifia. "Nimeyaosha yote, mwanangu, nisikuletee aibu." Niliyapokea, na hilo lilikuwa kosa langu, si lake. Yai lina utando mwembamba juu ya ganda unaoziba vile vitundu, na maji huuondoa. Tena maji yakiwa baridi kuliko yai, kilichomo ndani husinyaa tena na uchafu uliolainika huvutwa kupitia ganda lisilo na kinga. Mayai yale yalikuwa ya kwanza kunuka kwenye mashine nzima, na yalichafua trei ya mtu mwingine.

Siku hizi nawaambia wateja mapema: niletee yai lenye doa dogo kama lilivyo, nitalisugua kwa msasa laini likiwa kavu. Likiwa limepakaa kinyesi, lipeleke jikoni likapikwe likaive vizuri. Usilifute kwa kitambaa kibichi, kwa sababu unasambaza doa moja ganda zima. Kama huna budi kuosha, maji yawe ya moto kuliko yai, nyuzi 43 hadi 45 kwa kipimajoto, kwa muda mfupi, na yai likaushwe kabla ya kuhifadhiwa. Bila kipimajoto usijaribu.

Yai limepasuka ndani ya mashine

Gesi inayotengenezwa na bakteria hujaa ndani ya ganda mpaka linaachia, na uchafu wenye mamilioni ya vijidudu unamwagika juu ya majirani zake. Hapa wengi huingiwa na hofu na kufunga mlango haraka ili mayai yasipoe. Viinitete huvumilia kupoa kwa dakika 15 hadi 20 bila shida, kwa hiyo fanya kazi kwa utulivu.

Zima mashine, chomoa waya, vaa glovu na barakoa. Toa yai lililopasuka na yote yaliyolowa kabisa. Najua inauma kutupa mayai yenye uhai, lakini yai lililooga uvundo huo litapasuka nalo wiki ijayo. Yaliyopata vitone vichache yafute kwa karatasi kavu ya chooni, kila yai karatasi yake, uyawekee alama ya penseli na uyamulike kila siku. Kuta na sakafu zifute kwa kitambaa kilichokamuliwa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisha kwa kitambaa kingine chenye dawa ya klorini niliyoieleza chini. Usipulizie dawa ndani mayai yakiwemo, wala manukato, wala dawa ya mbu. Viinitete vinapumua kupitia ganda.

Vifaranga wametoka, kisha wanakufa ndani ya siku chache na vitovu vibichi

Hii ndiyo dalili inayopoteza pesa nyingi kuliko zote, kwa sababu mteja ameshawabeba vifaranga nyumbani na anadhani ni baridi au chakula. Mgeuze kifaranga. Tumbo limevimba na ni laini kama puto la maji, kitovu kimelowa au kina gaga, manyoya ya chini yameshikana, na kuna harufu. Ukimpasua aliyekufa, kiini ambacho kilipaswa kuwa cha njano na kuisha taratibu utakikuta cha kahawia au kijani, majimaji, kinanuka.

Kabla ya kutoka kwenye ganda, kifaranga huvuta kiini kilichobaki ndani ya tumbo na kitovu hujifunga. Bakteria kama E. coli wakiwa tayari ndani ya yai, au wakimkuta kitovu hakijakauka juu ya trei chafu ya haicha (sehemu mayai yanakohamishiwa siku za mwisho ili yatotoe), huingia hapo na kukuta kiini, chakula kizuri ajabu kwao. Dawa za antibiotiki kwenye maji haziwafai sana vifaranga hao. Mwenye tumbo bovu hanywi vya kutosha, na dawa haikifikii vizuri kiini kilichooza. Watenge na wenzao, waliodhoofika sana wasiachwe wateseke, na nguvu zako zote zielekee kundi linalofuata.

Lakini kitovu kibaya si lazima kiwe uchafu. Hapa hesabu na harufu ndizo zinaamua. Kama vifaranga wengi wana kitovu kilichobaki wazi au chenye kidoa cheusi kikavu, hakinuki, na wametoka mapema, siku ya 20 au hata kabla, angalia joto: lilikuwa juu. Kama wametoka wakubwa, wazito, wamelegea na wamelowa, unyevu ulikuwa mwingi mno tangu mwanzo. Kinachonuka ndicho uchafu.

Halafu kuna tatizo moja ambalo hata ukisugua mashine mpaka ing'ae halitaondoka: vifaranga wenye kinyesi cheupe kinachoganda kwenye mkundu, wanaolia na kusinyaa, wengi wao kutoka kwa mfugaji mmoja. Hiyo yaweza kuwa pulorum, salmonela inayotoka kwa kuku mzazi ikiwa ndani ya yai. Mama zao wapimwe damu na daktari wa mifugo. Mpaka majibu yatoke, mimi sipokei yai hata moja kutoka banda hilo, na mwenye banda namweleza wazi kwa heshima.

Vifaranga wanahema midomo wazi

Wakihema kwa shida, shingo zimenyooka, bila sauti ya mkoromo, siku 3 hadi 10 baada ya kutoka, fikiria ukungu kabla ya mafua. Ukungu uitwao Aspergillus hupenda joto la mashine, na chembe zake ni nyepesi, hupeperushwa na feni. Ukimpasua kifaranga utaona vinundu vidogo vyeupe au vya njano kwenye mapafu. Mlango wake mara nyingi ni trei ya maji isiyomwagwa, yai lenye ufa lililoota ukungu ndani (likimulikwa utaona kivuli cha kijani au kijivu upande wa chumba cha hewa), au matandiko. Maganda ya alizeti na maranda yaliyonyeshewa kisha yakakaushwa juujuu yanaonekana makavu, kumbe ndani yameshaota. Yapasue kwa mkono uyanuse. Ukisikia harufu ya ghala lililofungwa, usiyaweke chini ya vifaranga.

Kipimaunyevu kinasema asilimia 55, vifaranga wamekaukia kwenye ganda

Hii ni ya kwetu hasa, kwa sababu ya maji ya chumvi. Anayechemsha chai Dodoma anaujua ule ukoko mweupe chini ya birika. Ukoko huohuo unajenga kwenye trei ya maji ya mashine na, kibaya zaidi, kwenye utambi wa kipimajoto cha maji, kile ambacho ncha yake huvikwa utambi uliolowa ili kupima unyevu, kwa wanaotumia aina hiyo. Utambi ukishakuwa mgumu maji hayapandi vizuri, mvuke unapungua, kipimajoto hakipoi inavyotakiwa, nawe unasoma unyevu mwingi kuliko uliopo. Unapunguza maji ukidhani unarekebisha, na siku ya 21 vifaranga wanadonoa ganda wanashindwa kugeuka kwa sababu utando umewakaukia kama karatasi. Badilisha utambi kila kundi.

Kwa kipimaunyevu cha dijitali, kipime kwa chumvi ya jikoni. Kizibo cha soda, chumvi, matone ya maji mpaka iwe kama tope zito, weka ndani ya kopo pamoja na kipimo, funika lisiingize hewa, acha saa 12. Kinapaswa kusoma karibu asilimia 75. Kikisoma 82 ujue kimezidisha 7, uandike kwenye mashine kwa kalamu.

Ukoko wa trei huondoka kwa siki au ndimu. Hapo naomba usome polepole: siki au ndimu isikutane na dawa ya klorini, si kwenye ndoo moja wala kwenye trei ambayo haijasuuzwa. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na vyumba vyetu vya mashine ni vidogo na havina madirisha makubwa. Kwa trei ya maji, mimi hukinga maji ya mvua kati ya Desemba na Aprili, nayahifadhi kwenye pipa lenye mfuniko na kuyachemsha kabla ya kutumia. Yakiisha narudi kwenye maji ya bomba yaliyochemshwa na kuchujwa, na trei naisugua kila baada ya siku 3. Ikishikika utelezi ukiigusa kwa kidole, ni bakteria, haijalishi maji yanaonekana meupe kiasi gani.

Joto linapanda na kushuka bila sababu

Chomoa waya, fungua, angalia sensa na mapanga ya feni. Manyoya mepesi ya vifaranga yakichanganyika na vumbi jekundu hutengeneza kitu kama blanketi. Sensa iliyovikwa blanketi inachelewa kusikia joto, hita inazidi kuwaka. Brashi ya rangi iliyo kavu inatosha. Baada ya hapo ndipo umwite fundi, kama bado.

Mashine isikae chumba kimoja na vifaranga, wala karibu na mlango wa upande unakotoka upepo. Tundu za hewa zisizibwe kwa kuogopa vumbi. Tundika kitambaa chepesi kibichi dirishani, ukifue kila jioni, nawe utaona mwenyewe rangi ya maji yanayotoka.

Kundi la kwanza zuri, la pili hafifu, la tatu aibu

Mashine haijachakaa kwa miezi miwili. Ni mabaki yanayorundikana. Hutokea sana kwa anayeingiza mayai kila wiki huku mengine yakitotoa kwenye trei za chini. Feni inachukua manyoya, vumbi la maganda na uchafu wa vitovu kutoka chini na kuusambaza juu ya mayai ya siku ya 4 na ya 11. Nimejaribu njia hiyo kwa tamaa ya kujaza nafasi, nikaiacha. Kundi moja liingie, liishe, mashine ioshwe. Kama wateja hawasubiri, tafuta haicha ya pembeni, hata sanduku dogo lenye joto la kuaminika, mayai yahamie siku ya 18.

Kuosha nako kuna mpangilio wake. Klorini haifanyi kazi juu ya uchafu. Kinyesi na ute huila dawa yote kabla haijafika kwa bakteria, kwa hiyo anayepulizia dawa kwenye mashine isiyooshwa anatupa hela. Najua maji ni shida mitaa mingi na dumu linanunuliwa, lakini dumu moja la lita 20 linatosha mashine ya mayai 264 ukiligawa hivi: lita 8 za vuguvugu na sabuni ya unga, lita 5 za kusuuza, lita 3 za dawa, lita 4 za kusuuza mwisho.

Chomoa waya kwanza. Lowesha manyoya kidogo kwa kitambaa ili yasipeperuke, yafute, yatupe. Osha trei mpaka pembe za ndani kwa mswaki wa zamani. Mwili wa mashine unafutwa, haumwagiwi maji, na bodi ya umeme haiguswi na unyevu. Suuza. Kisha dawa: ile ya madukani ya kufulia nguo nyeupe yenye klorini asilimia 3.5, vijiko 3 vya chakula kwa kila lita ya maji, ichanganywe siku hiyohiyo. Sehemu zibaki zimelowa kwa dakika 10. Kuzifuta hapohapo ni kosa la kawaida. Suuza kwa maji safi kwa sababu klorini inakula chuma, anika trei juani, mashine iache wazi ikauke, kisha iwashe tupu siku nzima kabla ya mayai mapya. Chupa ya dawa iliyokaa juani dukani imeshapungua nguvu, chagua iliyokaa kivulini.

Wapo watakaokushauri formalini na potasiamu permanganeti kwa ajili ya moshi. Kwenye nyumba ya kuishi nakuomba usifanye. Moshi ule unaunguza macho na mapafu, na formalini inajulikana kusababisha saratani. Pia ukifukiza mayai kati ya saa 24 na 96 tangu kuwekwa, unaviua viinitete.

Mayai yanatoka jasho yakifika

Yai lililotolewa kwenye friji au chumba cha baridi na kuwekwa kwenye chumba cha moto hutoa umande, na bakteria huogelea kwenye umande huo mpaka kwenye vitundu. Acha yapate joto la chumba taratibu kwa saa 6 hadi 8, yakauke, ndipo yaingie. Kuhifadhi vizuri ni nyuzi 15 hadi 18, si zaidi ya siku 7. Oktoba vyumba vya bati havifiki huko hata usiku. Mwenye nyumba ya tembe, yenye kuta na paa la udongo, ana stoo nzuri kuliko wengi wetu tulioezeka bati.

Kundi limeisha na bado hujui chanzo

Vunja kila yai ambalo halikutotoa, nje, ukiwa na daftari. Yaliyo meupe bila dalili ya damu mara nyingi hayakuwa na mbegu, hesabu majogoo wako. Yenye pete ya damu yalikufa siku za mwanzo, mara nyingi kwa kuhifadhiwa muda mrefu au joto kuyumba. Kifaranga kamili aliyekufa bila harufu, rudi kwenye unyevu na hewa ya siku 3 za mwisho. Yaliyo meusi, yanayonuka, yenye majimaji ya kijani, hayo ndiyo ya uchafu. Andika yalikuwa trei ipi na yalitoka kwa nani. Yakitoka trei zote, mlango ni maji, hewa au mashine yenyewe. Yakitoka kwa mfugaji mmoja, mlango uko kwenye viota vyake, na ni vizuri umtembelee kuliko kumwambia kwa simu.

Vifaranga wakiendelea kufa hata baada ya mashine kuoshwa na mayai kuchambuliwa, chukua kama 5 au zaidi waliokufa siku hiyohiyo, pamoja na wachache wagonjwa walio hai, uwapeleke kwa daktari wa mifugo au maabara ya veterinari. Waliokufa wawe kwenye mfuko ndani ya chombo chenye barafu, wasigandishwe. Beba na lile daftari.